Mkungu, mtondoo, mkrismasi au mkenge? Utambue mti kwa jani na rangi yake kabla hujaupa nafasi uani

Mche umejiotea nyuma ya karo na sasa unafika magotini. Au umepewa kwenye kiriba, na aliyekupa kasema tu "mti wa kivuli huo, upande". Kabla hujauachia nafasi uani, jua kwanza ni mti gani. Kuung'oa leo ni kazi ya mkono mmoja. Kuukata ukishakuwa mkubwa ni kazi ya msumeno, ngazi na ugomvi na jirani.

Mjini Unguja tunataja miti kutwa. Tunashuka Mikunguni, tunapita Mkunazini, tunakwenda Mwembetanga, lakini mche ukiwa na majani sita unatushinda kuujua. Minne inayochanganywa sana ni hii ya kichwani mwa habari. Mkungu na mtondoo wana jani pana, zima, lenye kung'ara. Mkrismasi (wengine husema mkakaya) na mkenge wana jani la unyoya lililogawika vipande vidogo. Ndani ya kila jozi miche hufanana hata anayeuza kitaluni hukosea.

Neno moja kuhusu majira. Vitabu vingi vya kutambua miti, na programu nyingi za simu, zimetokana na nchi za baridi, ambako majani hugeuka rangi siku zikifupika na baridi ikiingia. Majira hayo Kiswahili cha vitabuni mara nyingi huyaita vuli, na hapo ndipo vurugu inapoanza, kwa sababu vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Disemba, wakati miti inachipua. Unguja iko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi haifiki saa moja. Kinachogeuza majani hapa ni ukavu na umri wa jani lenyewe. Rangi basi ni shahidi, ila aitwe mwisho.

Vipimo vya kutumia

Anza na kitawi, usianze na jani. Jani lililookotwa chini limeshapoteza nusu ya habari: hujui lilikaaje tawini, na kwa upepo wa kaskazi jani la mkungu husafiri hadi nyumba ya tatu. Kata kitawi cha shubiri mbili pamoja na ncha yake.

Tazama mkao. Je, majani yanakabiliana mawili mawili kwenye fundo moja, yanapishana, au yamesongamana kama shada kwenye ncha huku nyuma pakiwa patupu?

Kisha tafuta jani linapoanzia. Kwa miti ya unyoya hapa ndipo watu hupotea. Fuata kikonyo hadi kinapogusa tawi, uangalie kwapani: pana jicho dogo, ndilo litakalochipuka. Penye jicho ndipo jani linapoanza, na kila kilicho mbele yake, hata kikiwa na vipande elfu, ni jani moja. Kipande kidogo cha pembeni hakina jicho kwapani mwake.

Linyanyue jani lielekee jua uone mishipa. Vunja kikonyo usubiri dakika moja uone kama kinatoa utomvu, na unawe mikono kabla ya kugusa macho. Baada ya hapo ndipo uje kwenye rangi, na mwisho uthibitishe kwa tunda au ganda ikiwa mti mzazi uko karibu.

Wekundu wa ujana, wekundu wa uzee

Hili linastahili nafasi yake, kwa kuwa ndilo linalowapoteza wengi. Ukiona jani jekundu, jiulize: ni jekundu kwa uchanga au kwa ukongwe?

Mwembe hutoa majani mapya ya rangi ya shaba, laini, yanayoning'inia kama kitambaa kilichorowa, kisha hukakamaa na kuwa kijani. Mdalasini hufanya hivyo hivyo kwa wekundu mkali zaidi, na unajulikana kwa mishipa mitatu inayoanzia karibu na kikonyo na kwa harufu ukilifikicha jani. Mkarafuu nao huchipua kwa rangi ya waridi. Wekundu wa miti hii mitatu uko nchani mwa tawi, kwenye majani machanga.

Mkungu ni kinyume chake. Jani jekundu liko chini ya shada, ndilo kongwe kuliko yote, gumu, na ncha ya tawi bado ni kijani. Livute kwa upole kuelekea chini: jani kongwe hukatika lote pamoja na kikonyo na kuacha kovu safi, jani changa hukataa, ukilazimisha linachanika. Jaribio hilo la sekunde mbili linatosha kuwatenganisha.

Sababu yake ni kwamba mkungu haulitupi jani na chakula chake. Kabla ya kuliachia, mti hurudisha ndani sehemu kubwa ya virutubisho. Ukijani huvunjika, umanjano uliokuwa umefichika hujitokeza, na rangi nyekundu hutengenezwa upya ndani ya jani. Lililopigwa na jua hukolea zaidi. La kivulini huishia manjano na kahawia. Kwa hiyo usishangae mkungu mmoja ukiwa na tawi jekundu upande wa barabara na tawi la kijani upande wa ukuta.

Kuna rangi za uongo pia. Ukingo uliokauka kuwa kahawia upande unaotazama bahari pekee ni chumvi imeunguza. Umanjano baina ya mishipa, mishipa yenyewe ikibaki kijani, ni njaa ya udongo. Na mche wa mkungu uliosahauliwa kwenye kiriba kidogo huweza kuwa mwekundu mwezi wowote, kwa kiu tu.

Mkungu

*Jani.* Mithili ya kasia fupi: pana kuelekea ncha, jembamba kuelekea kikonyo. Urefu ni sentimita 15 hadi 25, na kwenye miche iliyoshiba maji hupita 30. Ligeuze utazame pale mshipa wa kati unapoanzia: kila upande wa mshipa pana kitezi, yaani kinundu kidogo, viwili kwa jumla. Mtondoo hauna. Kwenye mti mkubwa majani hukusanyika mashada nchani, na matawi hutoka kwa matabaka, ghorofa juu ya ghorofa. Mche mchanga bado hauna shada wala ghorofa, kwa hiyo usiukatae kwa sababu hiyo. Angalia tu kwamba majani yanapishana.

*Rangi.* Kati ya minne hii ni mkungu pekee ambao rangi ya jani kongwe inasema kitu. Huenda manjano, shaba, halafu nyekundu iliyoiva, na mti huweza kupukutisha mara mbili kwa mwaka, ukabaki mtupu kwa muda mfupi kabla ya kuchipua. Mikungu miwili ya mtaa mmoja si lazima igeuke pamoja.

*Uthibitisho.* Kungu lenyewe: bapa, lenye ukingo pembeni, sentimita 5 hadi 7, kokwa yake ngumu na kiini chake kinaliwa. Hapa pana tahadhari. Ufukweni upo mtomondo, wenye majani makubwa yaliyosongamana nchani vile vile. Jani lake halina kikonyo cha maana, hufika sentimita 40, na tunda lina pembe nne kama kisanduku. Kiini chake kina sumu, kiasi cha kutumika kulewesha samaki. Tunda la pembe nne mtoto asilivunje.

*Mahali na kero.* Unastahimili mchanga, chumvi na upepo wa bahari. Kero yake ni uchafu: majani makubwa yanayolowa huacha madoa ya kahawia kwenye saruji, na yakikaa kwenye mfereji wa paa, maji yanageuka rangi ya chai. Popo hupenda makungu. Usiku huyabeba na kuyaangusha juu ya bati. Uache mita 8 au zaidi kutoka nyumba, maana zile ghorofa hukua kwenda pembeni.

*Unamfaa* mwenye uwanja mpana anayetaka kivuli mapema na asiyechoka kushika ufagio.

Mtondoo

*Jani.* Majani yanakabiliana tangu mche ukiwa mdogo, jozi kwa jozi, na hicho peke yake kinautenga na mkungu. Umbo ni la yai lililorefuka, sentimita 10 hadi 20, ncha butu, pengine imebonyea kidogo. Lakini raha ya mtondoo iko kwenye mishipa. Lielekeze jani juani: kutoka mshipa wa kati hadi ukingoni imejipanga mistari myembamba mno, iliyonyooka, imebanana kama nywele zilizochanwa kwa kitana chembamba. Kati ya miti inayozungumzwa hapa hakuna mwengine wa namna hiyo. Kikonyo kikivunjwa hutoa utomvu mzito wa maziwa au wa manjano hafifu.

*Rangi.* Haikusaidii. Mtondoo ni kijani mwaka mzima, ukiangusha jani moja moja la manjano.

*Uthibitisho.* Tunda ni duara kama gololi kubwa, sentimita 3 hadi 4, na haliliwi. Mafuta ya tondoo ni ya taa na ya kupaka. Maua ni meupe, kati yana manjano, na yananukia. Mafundi wa vyombo vya baharini wanazijua mbao zake.

*Mahali na kero.* Mchanga wa pwani ndio kwao. Upepo wa kusi hauusumbui. Tatizo ni mwendo: hukua polepole, na anayeupanda kwa ajili ya kivuli cha mwaka wa tatu atasikitika. Tondoo zikianguka juu ya saruji huviringika chini ya kandambili, kwa hiyo usiupande juu ya njia ya kupitia wazee. Mbegu nayo huchelewa kuota ikiwa ndani ya ganda lake. Lipasue ganda kwa uangalifu bila kujeruhi kiini, ndipo uisie.

*Unamfaa* mwenye subira, aliye karibu na bahari, asiyetaka mti unaobaki mtupu.

Mkrismasi na mkenge

Hawa wawili ni afadhali kuwatazama pamoja, kwa sababu kinachomchanganya mtu ni kufanana kwao. Ukiamua kwa kuangalia umanyoya tu, utaingia mkenge, na safari hii mkenge wenyewe.

*Jani.* Hesabu mbavu. Uti wa jani la mkrismasi una jozi 10 hadi 20 za mbavu, na kila ubavu umejaa vijijani vya sentimita moja au pungufu. Jani zima ni sentimita 30 hadi 50, laini kama unyoya wa kweli. Uti wa jani la mkenge una jozi 2 hadi 4 tu, mara chache zaidi, na vijijani vyake ni vichache na vikubwa, sentimita 2 hadi 4. Chukua kijijani kimoja cha mkenge kwenye kiganja: mshipa wa kati haukai katikati, umeegemea ukingo mmoja. Kisha tazama kikonyo. Cha mkenge kina kitezi kimoja juu yake, karibu na tawi. Mkrismasi hauna kitezi, ila kwapani mwa jani lake pana kipande kidogo kilichochanika kama kitana.

Wako wengine wawili wanaopenda kujichomeka hapa. Wa kwanza ni mlusina, na kama mche umejiotea bila kupandwa, mshuku huyu kwanza. Mbavu zake ni jozi 4 hadi 9, maua ni vitufe vyeupe, na maganda membamba huning'inia kwa vichala. Ukiuacha ukazaa, utang'oa miche yake kila masika. Wa pili una jani kama la mkrismasi lakini maua ni ya manjano. Vichipukizi vyake vina manyoya ya rangi ya kutu, na hilo linatosha.

*Rangi.* Hakuna wekundu wa majani kwenye mmoja wao. Vijijani vya mkrismasi hufifia kuwa manjano na kumwagika kama pumba, na mti hubaki uti mtupu wakati wa ukavu, hadi maua mekundu yanapofunika kilele kuelekea mwisho wa mwaka, ndiko jina lilikotoka. Panapopata maji mengi haupukutishi wote. Mkenge nao hufifia na kupukutisha, lakini unaweza kuutambua ukiwa hauna jani hata moja: maganda yake ya rangi ya majani makavu, sentimita 15 hadi 30, yamevimba penye kila mbegu na hulia chaka chaka upepo ukipita.

*Uthibitisho.* Ganda la mkrismasi ni gumu, jeusi au kahawia, sentimita 30 hadi 60, kama ala ya panga. Ua la mkenge ni kishungi cha nyuzi nyuzi za rangi ya maziwa.

*Mahali na kero.* Mkrismasi hukua haraka na kutanuka kuliko unavyorefuka. Matawi yake huvunjika kwa upepo, na mizizi hutambaa juu juu, ikinyanyua matofali ya uani na kutafuta karo. Mita 10 kutoka ukutani si nyingi. Mkenge hurefuka zaidi, huvumilia udongo duni, mizizi yake pia iko juu, na hujisambaza kwa mbegu. Majani yake ni malisho mazuri ya mbuzi. Fundi anayepasua mbao zake afunge pua, vumbi lake linapigisha chafya.

Mbegu za yote miwili zina ngozi ngumu. Zikwaruze upande mmoja kwa msasa au kikata kucha, mbali na kitovu cha mbegu, kisha uziloweke usiku mzima. Iliyovimba iko tayari. Isiyovimba ikwaruze tena.

*Mkrismasi unamfaa* mwenye uwanja mkubwa anayetaka rangi na aliye tayari kukosa kivuli katika miezi ya ukavu. *Mkenge unamfaa* mwenye shamba au mifugo, si mwenye ua wa mjini.

Kwa hali yako

Nyumba iko upande wa mashariki, Paje au Jambiani, kwenye ardhi ya mawe ya uwanda na upepo wa chumvi: ni mkungu au mtondoo. Kivuli cha haraka, mkungu. Kizuizi cha upepo cha kudumu, mtondoo. Wenye nafasi hupanda mtondoo upande wa bahari na mkungu nyuma yake.

Unakinga maji ya mvua kutoka paani: mkrismasi uuweke mbali kabisa, vijijani vyake vinapita kwenye wavu na kuoza ndani ya tangi. Jani la mkungu hukamatwa na wavu, lakini lisiposafishwa maji yanabadilika rangi. Mtondoo ndio wenye usumbufu mdogo, hata ukihesabu tunda lake.

Uwanja wa skuli: mkungu una ziada ya watoto kula kungu zake, mkrismasi una uzuri wake, na mtondoo unataka watoto wafundishwe kwamba tondoo ni ya kuchezea tu. Kama watoto watakaa chini ya mti wakati wa upepo, matawi ya mkrismasi yapogolewe kila mwaka.

Shamba, mteremko wa Pemba uliochoka, mbuzi wawili watatu: mkenge unarutubisha udongo, ila maganda yakatwe kabla hayajapasuka.

Ua wa mita 4 kwa 5 baina ya kuta: hata mmoja kati ya minne haufai. Tazama mwashoki, jani jembamba refu lenye ukingo wa mawimbi, jipya la rangi ya shaba, na mti unasimama wima kama nguzo.

Na kama baada ya vipimo vyote bado una shaka, usiupande ardhini. Uhamishie kiriba kikubwa, uuweke juani, uumwagilie usije ukageuka rangi kwa kiu, na usubiri majani kama kumi ya ukubwani. Majani ya kwanza ya mche mara nyingi hayafanani na ya mti mzima. Ukitaka kumuuliza mtu kwa simu, mpelekee picha nne: jani juu, jani chini pamoja na kikonyo, kitawi kizima na ncha yake, na shina. Weka rula au sarafu pembeni apate kujua ukubwa. Shimo la sentimita 60 kila upande, na ndoo moja ya samadi iliyooza, lichimbwe wiki moja au mbili kabla ya masika.